Uzi: Ukifika Ujerumani soseji baadaye, anza na mkate

Mkaa_Njiani

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mtu akiuliza Wajerumani wanakula nini, jibu ni lilelile: soseji, viazi, bia. Basi mtu anashuka Frankfurt na jibu hilo kichwani, anakula soseji siku mbili, ya tatu anaanza kuulizia wali. Akirudi Dar anatangaza kwamba watu wale hawajui kula. Shughuli zangu za mizigo zinanipeleka kule mara kwa mara, na msimamo wangu ni huu: Mjerumani ni mtu wa mkate. Soseji ni kitoweo tu. Ukilishika hilo utakula vizuri kwa hela ndogo. Usipolishika utajikuta saa 2 usiku unazunguka mjini na njaa, unaishia kwenye mgahawa wa watalii wenye menyu ya lugha sita, na euro 25 zimekwenda.

Kwanza, mpangilio wa siku. Chakula cha moto, kwa desturi, ni cha mchana. Jioni ni Abendbrot: mkate, siagi, jibini, soseji za kukata vipande vyembamba, matango ya siki, nyanya, labda figili. Kila mtu ana kibao chake cha mbao na kisu. Jiko haliwashwi. Ukialikwa kwa familia saa 12 na nusu jioni ukakuta hali ni hiyo, usidhani wamekubania au kwamba wali unakuja. Hicho ndicho chakula chenyewe, na ukichelewa umekikosa. Siku hizi wengi wanaofanya kazi za ofisini wanapika jioni, hilo nakubali, ila nenda kwa wazee au vijijini uone.

Sasa mkate wenyewe. Taasisi yao ya mkate, Deutsches Brotinstitut, imesajili aina zaidi ya 3,000. Mwaka 2014 utamaduni wao wa mkate uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika, ile inayoandaliwa chini ya mkataba wa UNESCO (orodha ya nchi yao, siyo ile ya dunia, maana watu hupenda kuchanganya). Kwa nini aina nyingi hivyo? Nchi ile kwa karne nyingi ilikuwa vipande vipande vya watawala wadogo, kila mji na tanuri lake na mambo yake. Halafu kuna suala la nafaka. Kaskazini na mashariki, kwenye baridi na udongo wa mchanga, rai (nafaka ya jamii ya ngano, kwa Kiingereza rye) inastawi pale ambapo ngano inasumbua. Kusini ngano ni nyingi. Ndiyo maana ukitoka Stuttgart kupanda kuelekea Hamburg mkate wa kila siku unazidi kuwa mweusi na mzito.

Nunua mkate wa rai iliyochanganywa na ngano, unaitwa Roggenmischbrot. Kwa kanuni zao lazima rai izidi nusu ya unga wote. Ganda lake ni nene, limepakaa unga, limepasuka juu. Ugonge chini kwa kidole, unatoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ukikata, kisu kinashika kidogo kwa sababu ndani kuna unyevu, na harufu inayopanda ni ya uchachu, mara nyingine na kisibiti. Tonge la kwanza utakunja uso. Paka siagi ya kutosha (ya kutosha, siyo ya kupaka kivuli), weka chumvi kidogo, tafuna taratibu. Utamu wa mkate huu uko kwenye ganda, na wanaobandua ganda wakala nyama ya ndani tu ndio wanaosema mkate wa Kijerumani ni mchungu. Jambo lingine: rai ni tamu zaidi siku ya pili. Usikimbilie wa moto.

Ukiingia Bäckerei (duka la mikate) salimia. Kusini ni Grüß Gott, Hamburg ni Moin hata saa 10 jioni. Foleni inakwenda haraka na muuzaji hana muda wa kukutazama ukifikiri. Mkate mkubwa unaruhusiwa kununua nusu, sema "ein halbes". Ukitaka ukatwe slesi na mashine sema "geschnitten". Mikate midogo ya asubuhi kwa jumla ni Brötchen, lakini Munich watakwambia Semmel, Berlin Schrippe, Stuttgart Weckle. Onyesha kwa kidole, hakuna atakayekucheka. Bei ya mmoja ni kama senti 40 hadi 60 kwa mwokaji, supamaketi unapata kwa chini ya hapo. Mkate wa kilo euro 4 hadi 7 kutegemea mji. Tembea na sarafu, maduka mengi ya mikate hayapendi kadi kwa kitu cha senti 90.

Jumapili maduka yote ya kawaida yanafungwa, na ulinzi huo wa Jumapili umo mpaka kwenye katiba yao. Wenye mikate wanaruhusiwa kufungua saa chache asubuhi. Ukilala mpaka saa 7 mchana, utakula biskuti za stesheni.

Mchana nenda kwa muuza nyama. Ndiyo, bucha. Bucha nyingi (Metzgerei kusini, Fleischerei mashariki) zina kaunta ya chakula cha moto saa 5 hadi 8 hivi. Mafundi wenye ovaroli wanajipanga pale, na walipojipanga mafundi wewe jipange nyuma yao. Kwa wasiokula nguruwe au nyama, kantini za vyuo, Mensa, nyingi zinauzia wageni kwa bei ya juu kidogo, na pale kuna supu nzito ya njegere au ya viazi, kuna Käsespätzle, yaani tambi fupi za mayai zilizolowa jibini na vitunguu vya kukaanga juu. Na mkikatiza pande za Spreewald, tafuteni viazi vya kuchemsha na maganda vinavyoliwa na Quark (maziwa ya mgando yaliyochujwa) na mafuta ya kitani. Chakula cha maskini wa zamani, na mimi nakiweka juu ya nusu ya vyakula vya hoteli zao.

Karibuni wenye uzoefu, ongezeni nyama.

---

Mtoto_wa_Mbagala

Mkuu umeandika vizuri ila tusidanganyane. Ule mkate ni tofali. Nilipewa kwenye semina Berlin nikatafuna mpaka taya likauma. Berlin chakula ni döner (nyama ya kuchoma ya Kituruki), kwisha habari.

---

Mkaa_Njiani

@Mtoto_wa_Mbagala semina zinatoa mkate uliokatwa asubuhi ukakaa kwenye trei mpaka mchana, hata mimi nisingeula. Döner sikatai. Anayetajwa sana kuwa aliianzisha kwa namna ile ya kushikwa mkononi ni Kadir Nurman, 1972, Berlin Magharibi, mmoja wa Waturuki waliohamia kule miaka ya 1960. Wapo wengine wanaodai ni wao. Lakini angalia kilichomfanya afaulu: aliitoa nyama kwenye sahani akaitia ndani ya mkate ili mtu ale huku anatembea. Umerudi palepale kwenye mkate, kaka.

---

Binti_wa_Pangani

Asante kwa uzi. Mimi nakwenda Leipzig kwa mafunzo, na ni Muislamu. Hili la mkate limenipa moyo maana nilikuwa nimeshapanga kubeba unga wa ugali. Swali: mikate yenyewe haina mafuta ya nguruwe? Na huko kwenye kantini nijihadhari na nini?

---

Mkaa_Njiani

Dada yangu, unga beba hata hivyo, siku ya upweke utakufaa.

Mkate wa kawaida wa rai au ngano ni unga, maji, chumvi na chachu. Wa kuangalia ni wenye jina la Speck au Schmalz, hayo ni mafuta ya nguruwe. Baadhi ya Brezel za kusini (mikate iliyosokotwa kama fundo) pia zinakandwa na Schmalz, kwa hiyo uliza: "Ist da Schmalz drin?" Usione haya, wanaulizwa kila siku.

Kantini ndiyo yenye mitego. Saladi ya viazi inaweza kuwa na vipande vya Speck. Dengu nazo hupikwa hivyo mara nyingi. Supu ya njegere huwekwa soseji. Palipoandikwa "vegetarisch" au "vegan" uko salama kwa upande wa nyama. Kitu kimoja nakuomba ukikariri: Mett. Ni nyama ya nguruwe mbichi iliyosagwa, inapakwa juu ya Brötchen na vitunguu vibichi, inauzwa asubuhi kwenye kabati la kioo pembeni ya mikate ya jibini. Kwa macho inafanana na kachumbari ya nyanya ya kusaga. Mwenzetu mmoja aliiagiza kwa raha zake zote.

Leipzig tembelea mtaa wa Eisenbahnstraße, kuna maduka ya Waarabu na Waturuki, nyama ya halali na mikate bapa ya moto.

---

Fundi_Unga

Naingia hapa kwa sababu mada ni kazi yangu. Niko Baden-Württemberg nasomea uokaji, Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya miaka mitatu. Mleta uzi umesema uchachu ila hujasema kwa nini upo, na watu wanadhani ni ladha tu waliyojichagulia.

Unga wa rai hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Halafu una vimeng'enya vinavyokatakata wanga wakati mkate unaiva. Ukiweka hamira peke yake, mkate unatoka tanurini umejaa kitu cha kunata katikati, haukatiki, haulikiki. Asidi ya chachu (unga na maji vilivyoachwa vichachuke) ndiyo inayovituliza vile vimeng'enya. Kwa hiyo jana yake tunailisha chachu unga na maji, tunaiacha usiku kucha, na kila hatua ina joto lake. Uchachu kwenye rai ni uhandisi kwanza, ladha ilikuja nyuma.

Donge la rai halikandwi kwa nguvu. Ukijaribu kulivuta kama la chapati linakatika na kukuganda mpaka kwenye viwiko. Unalowesha mikono, unalizungusha haraka, unalitupia kwenye kikapu chenye unga. Mzee anayenifundisha anayafanya hayo huku anapiga soga. Mimi bado nakwangua vidole kwa kisu cha plastiki.

Zamani ilikuwa marufuku kuoka usiku, sheria ilitoka enzi ya Vita vya Kwanza na ilifutwa mwaka 1996. Siku hizi tunaingia saa 8 usiku. Natamani wangeiacha.

Na kwa wenye safari ya kusini: Ulm kuna jumba la makumbusho ya mkate, Museum Brot und Kunst, ndani ya ghala la chumvi la mwaka 1592. Kuna zana, michoro, historia ya njaa. Mkate wenyewe hawahifadhi hata mmoja, kwa sababu waanzilishi waliamua kwamba mkate ni wa kuliwa siku yake, siyo wa kuwekwa kwenye kabati. Niliupenda msimamo huo.

---

Mkaa_Njiani

@Fundi_Unga haya ndiyo madini. Tueleze na Brezel, na ile rangi.

---

Fundi_Unga

Kabla ya kuingia tanurini inachovywa kwenye maji yenye kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, ila imezimuliwa sana, isizidi asilimia 4. Glavu na miwani lazima. Ndani ya moto inaungana na hewa ya ukaa na kuisha makali, haikudhuru. Ndiyo inayotoa ile kahawia ya kung'aa na ladha ambayo huipati kwa njia nyingine.

Kwetu Uswabi (pande hizi za Stuttgart) mikono ya Brezel ni myembamba inayokatika kwa sauti, tumbo ni nene na tunalichana kwa wembe. Wabavaria wanaiacha ipasuke yenyewe na mikono yao ni minene. Usimuulize mtu wa huku ipi bora kama una basi la kuwahi. Mimi nakula ile iliyochanwa katikati ikatiwa siagi, Butterbrezel, na chai. Nimemaliza.

---

Mwana_Mvita

Nduzangu, salaam kutoka Hamburg. Sisi watu wa pwani mkate tumeuacha pembeni, twauliza samaki yuko wapi. Yuko ndani ya mkate! Fischbrötchen: Brötchen nyeupe yenye ganda la kukatika, kitunguu kibichi, tango la siki, na samaki wa herring. Kuna wa aina mbili mugeni ajue. Bismarckhering amelala kwenye siki, mkali. Matjes ameiva kwa chumvi na vimeng'enya vya tumbo lake mwenyewe, hajaona moto, laini wallahi wayeyuka. Kwa mtu aliyezoea samaki wa kupaka, mara ya kwanza roho yasita. Anza na wa siki.

Kila Jumapili alfajiri kuna Fischmarkt pale mtoni, kiangazi waanza saa 11 alfajiri, majira ya baridi saa 1 asubuhi. Hapo utawakuta waliotoka disko na wazee wenye vikapu, foleni moja. Wauzaji wapiga kelele za kunadi kuliko soko la Marikiti kwetu Mombasa.

Na msiondoke bila Franzbrötchen, ule wa mdalasini uliobanwa katikati mpaka pembeni ukatoka sukari iliyoungua. Huo na kahawa, saa 9 alasiri. Wajerumani saa hiyo wote wataka keki.

---

Mama_Nuru

Naomba kuuliza kitu kwa ajili ya baba yangu anayekuja kututembelea Hannover. Ana sukari, daktari alimwambia apendelee mkate wa nafaka nzima. Nachukua tu ule mweusi?

---

Fundi_Unga

Hapana mama, usifuate rangi. Mwingine umetiwa rangi kwa kimea kilichochomwa, unga wake ni mweupe vilevile. Tafuta neno Vollkorn. Hilo halitumiki ovyo, kwa kanuni angalau asilimia 90 ya unga na nafaka iwe nzima. Mbegu za maboga juu hazithibitishi chochote. Kiasi cha kula mwachieni daktari wake.

---

Kipepeo_Köln

Nacheka peke yangu kwenye treni. Huku Köln kuna mtego ambao hamjautaja. Kwenye menyu ya baa za zamani utaona "Halver Hahn". Mwenye Kijerumani kidogo atafsiri: nusu jogoo. Euro chache tu! Mtu anakaa, anajifunga kitambaa, anasubiri kuku. Kinakuja kimkate cha rai, kipande kinene cha jibini ya Gouda, haradali, kitunguu. Kuku hayupo, hajawahi kuwepo, na mhudumu anakutazama tu kwa raha zake, maana huwa wanausubiri uso huo.

Ukiona Leberkäse Bavaria, jina linasema ini na jibini, na kwa kawaida kule hamna ini wala jibini. Ni nyama iliyosagwa laini ikaokwa kwenye bati. Majina ya vyakula vyao usiyaamini, amini macho.

Reibekuchen lakini ni za kweli: viazi vilivyokwaruzwa vikakaangwa bapa, vinaliwa na rojo la tufaa au juu ya mkate mweusi. Ijumaa au soko la Krismasi utazifuata kwa harufu.

---

Mtoto_wa_Mbagala

Sawa nimenyoosha mikono kidogo. Narudi Berlin mwezi ujao, nitampa huyo Roggenmischbrot nafasi ya pili, lakini kwa siagi kama mlivyosema. Swali la mwisho: mkate gani unafaa kubeba nyumbani? Mama watoto ameshaniuliza "umetuletea nini" kabla sijaondoka.

---

Mkaa_Njiani

Pumpernickel ya kufungashwa. Ni ya Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, rai tupu iliyopondwa, inaokwa kwa moto mdogo saa zisizopungua 16, na weusi wake unatokana na kukaa tanurini muda wote huo. Ikiwa haijafunguliwa inakaa miezi, haivunjiki kwenye begi na supamaketi yoyote unaipata kwa bei ya soda. Waambie nyumbani waile slesi nyembamba na siagi au jibini, wasijaribu kuichovya kwenye chai, itazama.

Brezel usibebe, zinanyauka ndani ya siku. Ikiwa ni Desemba chukua Stollen ya Dresden (keki ya Krismasi yenye zabibu kavu), ila @Binti_wa_Pangani hiyo soma kwanza karatasi yake, zabibu zake mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu.

---

Binti_wa_Pangani

Nimeandika kwenye simu: Schmalz, Speck, Mett, ramu. Nikikwama nitawapigia kelele hapahapa.